Breki Nisiyoishika

Rungwa,
Chumba cha nyuma ya ghala la asali.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kabla Idi hajafika mwisho wa neno, kwa hiyo naendelea. Kifua kinaendeleaje? Ile dawa ya mizizi bado unakunywa, au umeanza tena kuimwaga nyuma ya zizi Mama akigeuka? Mama naye, magoti yamempa nafasi? Huku upepo wa mwaka huu umewahi, sijui kama alizeti zenu zimesimama au zimelala chini. Mimi ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu moyo una habari yake, nayo ndiyo iliyonifanya nitafute karatasi.

Idi, mdogo wangu, wewe ndiye msomaji. Soma taratibu, usiruke mstari, na Baba akikwambia rudia, rudia. Ningepiga simu, lakini hapa Rungwa mtandao unashika kwenye kichuguu kilicho nyuma ya duka la bosi wangu Bwana Lameki, na ukisimama pale hata kuku wake wanakusikiliza. Halafu Baba kwenye simu huwa unaitika "ndiyo, ndiyo" hata usiposikia kitu. Barua hii nampa kondakta wa basi la Singida, ataikabidhi kwa bodaboda wa Ilongero anayekujua. Nataka ifike kabla ya mgeni. Kuna mgeni anakuja hapo nyumbani, na kabla hajaketi nataka uwe umesikia kutoka kwangu.

Utaambiwa kwamba nilisinzia kwenye usukani nikamvunja mtu mguu. Baba, sikusinzia. Hilo nimelitanguliza ili hata barua ikilowa maji njiani, neno hilo liwe limefika.

Unakumbuka Bwana Lameki alivyokuja kuniomba nikamfanyie kazi. Hakutuma ujumbe. Alifunga safari kutoka huku mpaka Ilongero, akaja na mzee wa kanisa lake, akavua kofia mlangoni, akasema amesikia una binti mwenye leseni na asiyependa ugomvi. Hapo kwenye ugomvi Mama alicheka jikoni, nilimsikia. Ukamchinja yule jogoo mwekundu, Mama akampika, na sahani zilipokuja uliitazama firigisi yako kwa muda, kisha ukaihamishia kwenye sahani yake. Sijawahi kukuona ukimpa mtu firigisi. Hata mjomba aliporudi Makka hukumpa. Bwana Lameki aliitafuna taratibu, akafuta vidole, akasema, "Mzee Hamisi, kuanzia leo huyu ni mwanangu. Likimpata jambo, limenipata mimi." Na kweli akawa ananiita mwanangu. Mwanangu, washa gari. Mwanangu, umekula? Mwanangu, hizo ndoo zimefungwa vizuri? Nikajiona nimepata baba wa pili, Mungu anisamehe.

Kazi yenyewe unaijua. Nazunguka kwa warina asali wa pembezoni mwa pori, nakusanya ndoo, nazipeleka Itigi na Manyoni. Mwanzoni nilikuwa na lile pikapu kuukuu, lina kelele lakini lina utii. Mwaka huu mambo yakamnyookea bosi, akanunua gari la Kijapani. Limetumika huko kwao, ila kwetu ni jipya. Ukiliwasha linakusalimia kwa lugha yao, sauti ya mwanamke mwenye adabu zake, na vitufe vyote vina maandishi kama nyayo za kuku kwenye majivu. Muuzaji alisema gari hilo lina macho mawili ya kutazama njia, moja ni kamera juu ya kioo cha mbele, lingine limefichwa nyuma ya nembo ya mbele. Dereva akipitiwa na kukawa na kitu mbele, linashika breki lenyewe. Bwana Lameki alifurahi mno. Akatuambia, "Hili limekuja na malaika wake."

Wiki haikuisha akampeleka huyo malaika Manyoni, kwa fundi wa kuchomelea, afungiwe ngao. Unajua huku gari bila ngao ni sawa na fahali asiye na pembe. Ng'ombe wanalala barabarani, ngiri wanakatiza bila kuaga, na ukigonga mmoja umebaki na taa moja. Basi mabomba manene ya chuma yakapita mbele ya nembo, yaani mbele ya jicho lenyewe. Hakuna aliyewaza. Mimi mwenyewe nililizunguka nikasema, sasa limekuwa gari.

Mara ya kwanza ilikuwa karibu na Itigi, asubuhi, njia nyeupe. Nikasikia ti-ti-ti, taa nyekundu ikawaka mbele yangu, na gari likajikita pale pale kama limeshikwa mkia. Mkanda ukanikata bega, ndoo zikagongana nyuma. Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta, Baba, haukuwa kwenye breki.

Unajua nilifanya nini? Nilishuka nikaenda kutafuta nyoka. Idi, usicheke. Baba ndiye aliyenifundisha kulima na Kazimoto, akaniambia ng'ombe wa jembe akisimama bila kuambiwa usimchape, nenda mbele yake uangalie alichokiona. Siku ile aligoma katikati ya shamba, nimekwisha kuinua fimbo, ukanidaka mkono, Baba, na kumbe kifutu amejikunja kwenye majani mbele ya miguu yake. Tangu siku hiyo mnyama akisimama namheshimu. Na Kazimoto huyo huyo ndiye uliyemuuza ili nikasomee udereva. Kwa hiyo nilipekua majani ya kando, nikainama chini ya gari, nikatafuta hata kinyonga. Hakukuwa na kitu. Mama mmoja mchunga mbuzi alinitazama weee, mwisho akauliza, "Mwanangu, umedondosha hela?" Nikamjibu, "Natafuta kilichonisimamisha, mama." Akawaswaga mbuzi wake akaondoka upesi.

Likarudia, na likarudia tena. Mara nyingi ilikuwa kwenye vumbi, au mahali njia inapopinda na kuna kichuguu. Nikamwambia Bwana Lameki, tukaenda wote kwa fundi wa magari pale Manyoni. Fundi akalizunguka, akaigonga ngao kwa spana, akasema, "Bosi, hili jicho mmelifunga nondo usoni. Linaona chuma hapa hapa puani, likipata na vumbi linadhani limefika ukutani. Toa ngao."

"Nikigonga ng'ombe?"

"Basi zimeni huo mfumo kila mnapowasha gari. Ila kitufe chake sikijui, nisije nikawazimia kitu kingine."

Akarudi kwenye gari lingine. Pale tulikuwa mimi, Bwana Lameki na fundi. Idi, hapo parudie.

Ngao haikutoka. Jumapili moja Bwana Lameki akaliendesha mwenyewe kwenda kanisani na mkewe, Mama Neema. Walirudi Mama Neema amebana kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Gari lilisimama lenyewe mbele ya kichaka, naye hakuwa amefunga mkanda, akaibusu dashibodi. Mumewe alikuwa anacheka. "Mwanangu, leo na mimi limenifanyia!" Nikashukuru kimoyomoyo, nikasema sasa ameona kwa macho yake. Badala yake aliniita ghalani, akashusha sauti. Kuna mtu wa Manyoni mwenye mashine ya kukamua alizeti, amelipenda gari, analitaka vile vile lilivyo.

"Neno la breki lisitoke humu ndani mpaka nimkabidhi. Wewe endesha pole pole tu."

Nikamuuliza, "Na huyo anayelinunua je?"

Akasema, "Mwanangu, asali haiuzwi kwa kutaja nyuki."

Nikachukua ufunguo, nikaendelea na kazi. Ni mkubwa wangu, na alikula kwetu. Niliamini kwamba mtu aliyekula firigisi ya baba yangu hawezi kuniweka pabaya akanitazama tu.

Siku yenyewe nilikuwa natoka Itigi kwenda Manyoni, mchana, na upepo ule wetu wa kukata masikio unatoka mbele. Unajua bodaboda wa huku wanavyofanya. Upepo ukiwa wa uso kwa uso wanatafuta gari, wanajibanza nyuma yake, hasa mwenye tenga la kuku, maana tenga linashika upepo mpaka pikipiki inayumba. Nyuma yangu akaja Shabani. Ni baba wa watoto wawili, hununua kuku vijijini akawauzie abiria stendi ya Manyoni. Akapiga honi, nikamjibu kwa indiketa. Ndiyo salamu yetu ya barabarani, maana yake nimekuona, jifiche. Nikashika mwendo wa wastani ili asipate shida. Mbele yangu lami tupu mpaka inakokutana na mbingu. Hakuna ng'ombe, hakuna mtu, hakuna hata mfuko wa plastiki.

Likalia ti-ti-ti.

Nilikanyaga mafuta, Baba. Nilikanyaga mpaka chini ili liende, macho yangu yako kwenye kioo, namwona Shabani anakua. Likachelewa kunisikia. Kikaja kishindo nyuma, halafu kelele za kuku.

Kuku walitapakaa barabara nzima, upepo unawasukuma kama makaratasi. Shabani alikuwa kando ya lami na mguu umekaa vibaya. Nilimfunga kwa kanga yangu na ubao, nikasimamisha lori, tukampeleka hospitali. Wakasema ni mfupa wa paja, atatembea, lakini si leo wala mwezi huu. Alipopata nguvu ya kusema aliniuliza, "Dada Zuhura, si ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona, Shabani."

"Sasa breki ya nini?"

Nikamwambia sikuishika. Akageuzia uso ukutani. Mkewe akaendelea kumpepea bila kunitazama. Siwalaumu. Ningekuwa mimi nimelala pale, na mimi ningegeuka.

Trafiki alichukua leseni yangu, akasema gari liletwe kituoni kesho yake likaguliwe. Bwana Lameki alifika jioni kutoka Rungwa, akanipa pole, akasema, "Tulia mwanangu, nipo," akaondoka na gari likalale kwa shemeji yake. Nikalala nimetulia kweli. Nilisema moyoni, kesho ataeleza, mwenye gari akieleza imekwisha.

Asubuhi nilipoliona gari uwanjani nilihisi kuna kitu kimepungua, kama mtu uliyemzoea na ndevu halafu amezinyoa. Nikatazama mara mbili. Ngao haipo.

Trafiki akamuuliza, "Mzee, gari lako lina tatizo lolote la breki?"

"Halina hata kidogo, afande. Ni zima kabisa."

"Dereva anasema linasimama lenyewe."

Bwana Lameki akacheka kidogo, cheko la huruma, lile ambalo mtu mzima humchekea mtoto aliyejikojolea. "Afande, gari lina akili ya kushika breki? Mguu ni wa kwake. Huyu binti alisinzia, akashtuka, akakanyaga. Ni uchovu tu, mimi simlaumu."

Huyu binti. Nilisubiri "mwanangu", Baba. Haikuja. 

Nikauliza, "Bwana Lameki, ngao iko wapi?"

Akanitazama usoni bila kupepesa. "Ngao gani?"

Nikamwonyesha trafiki matundu ya bolti. Bwana Lameki akasema gari la mtumba halikosi matundu. Nikamgeukia Mama Neema, alikuja na mumewe na alikuwa amesimama pale pale, ile nundu ya dashibodi bado ipo. Akavuta kanga mpaka kwenye nyusi. Nikaomba fundi wa magari apigiwe simu. Fundi akasema magari anayoyaona ni mengi, hilo halikumbuki. Bwana Lameki ni mteja wake wa miaka, na mimi ni nani?

Trafiki, nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Aliingia kwenye gari akaliendesha, akazunguka uwanja, akatoka barabarani, akarudi. Kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe nililiomba lijikite. Niliomba kwa aya zote ninazozijua. Likatembea kwa adabu kama mtoto anayepelekwa madrasa, likasimama alipokanyaga, likaondoka alipotaka. Trafiki akashuka akanitazama kwa masikitiko. Alikuwa amekwisha kuniona mwongo.

Nje Mama Neema alinifuata akaninong'oneza, "Zuhura, kubali tu kwamba ulisinzia, yaishe. Mwanamke akisinzia watu wanaelewa." Baba, nilitaka kulifunua lile paji la uso mbele ya watu wote. Nikajizuia kwa sababu ya umri wake.

Nikaenda moja kwa moja kwa yule fundi wa kuchomelea. Sikumuuliza kwa ukali, nilimsalimia tu, nikasema nimepita kuitazama ngao yetu. Akanyoosha kidole. Ilikuwa imeegemea ukutani nyuma ya mitungi ya gesi. "Bosi ameileta jana jioni," akasema, "ameniambia nimtunzie mpaka mambo yapoe."

Nilikaa chini pale pale kwenye chuma chakavu. Hiyo jioni ndiyo ile aliyoniambia nitulie, yupo. Kumbe ametoka kwangu akaenda moja kwa moja kuifungua. Hakusahau maneno ya fundi wa magari hata moja. Aliyahifadhi vizuri, akayatumia siku ambayo yalimfaa yeye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa naufua msemo huo kila siku pamoja na nguo zangu nisijue.

Nimerudi huku Rungwa kuchukua vitu vyangu. Jana aliniita ghalani tena. Anataka niandike kituoni kwamba nilisinzia. Nikiandika, atamtibia Shabani mpaka apone, na mimi nitarudi kwenye pikapu kuukuu. Nisipoandika, Shabani nijuane naye mwenyewe, na kazi ya udereva nitaisikia kwa wenzangu. Hapo kwa Shabani ndipo aliponibana, maana ule mguu ni mguu wa kweli. Sikulala. Lakini nikiandika, gari litakwenda kwa yule mkamuaji alizeti na ngao yake imerudishwa, na siku moja ya upepo atajibanza nyuma yake Shabani mwingine. Nikamwambia siandiki.

Hakukasirika. Alisema, "Basi nitakwenda kwa mzee wako. Yeye ni mtu wa busara, atazungumza na wewe." Anakuja wiki hii, na yule yule mzee wa kanisa, na ndoo ya asali. Kwako atasema tena "mwanangu", utasikia. Analitamka vizuri sana.

Jumatatu narudi kituoni. Nitamwomba trafiki twende wote kwa fundi wa kuchomelea, bolti zijaribiwe kwenye matundu, kama ngao haitakuwa imehamishwa. Ikiwa imehamishwa, nitabaki na neno langu tu, na leseni itakwenda, na Kazimoto atakuwa ameuzwa bure. Hilo linaniuma, silifichi. Ila sikuombi uje kunitetea, na kifua hicho usithubutu kupanda basi. Ninachokuomba ni kimoja. Usinipigie simu kuniambia niandike. Wengine wote wakiniona mwongo nitavumilia, lakini ukiniambia wewe nitaandika, kwa sababu sijawahi kukukatalia jambo, na nikiandika sitaweza tena kushika usukani wala kukutazama.

Gari nalo lilinigeuka, ndiyo. Lakini gari halikuvua kofia mlangoni kwetu.

Nisalimie Mama, mwambie nakula na asianze kufunga kwa ajili yangu. Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya korongo, asiyemaliza salamu mpaka chai ipoe. Mjomba wa Makka naye nampa heshima yake, dua zake nazihitaji Jumatatu. Bibi mpe mkono wangu wa shikamoo, habari hizi msimwambie zote. Idi, asante kwa kusoma, sauti ikikukauka kunywa maji, na usiende kuisimulia barua hii kijiweni.

Baba, wakifika wapokee. Mgeni ni mgeni, nisije nikasikia kwamba watu walitoka kwetu na njaa kwa sababu yangu. Wape viti, wape maji ya kunawa. Chinja kuku, tena chinja mkubwa, Mama ampike kama siku ile. Mpe Bwana Lameki paja, mpe na kidari akitaka. Firigisi ule mwenyewe, Baba, mbele yake, taratibu.

Ni mimi mwanao,
Zuhura, dereva.